Leza ya Macho Baada ya Miaka Hamsini

Leo tuzungumze juu ya macho, na hasa juu ya swali ninalolisikia kila ninapokaa na watu waliostaafu au wanaokaribia kustaafu. Kiinua mgongo kimeingia benki, au kinatarajiwa. Watoto wamemaliza shule. Mtu amevaa miwani tangu kidato cha pili, amechoka nayo, na sasa ameona kwenye simu yake tangazo la hospitali, labda ya Nairobi, labda ya India, linalosema kwamba leza ya dakika chache itamwondolea miwani. Anauliza: je, nimechelewa? Umri wangu bado unaruhusu?

Swali hilo lina jibu fupi. Umri wa chini upo, miaka 18 au zaidi kidogo, nambari ya miwani ikiwa imetulia. Umri wa juu haujawekwa. Wapo watu wa miaka 60 waliofanyiwa wakashukuru. Lakini kwa mtu aliyepita miaka 50 naona liko swali lingine la kulitanguliza: tatizo langu liko sehemu gani ya jicho? Leza inatengeneza sehemu moja, na uzee unaanzia sehemu nyingine.

Mbele kabisa ya jicho kuna konea, utando angavu usio na mishipa ya damu, unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Konea ndiyo inayoupinda mwanga kwa sehemu kubwa, takribani theluthi mbili ya kazi yote. Nyuma ya mboni kuna lenzi. Hiyo ni ndogo, imeshikiliwa na nyuzi nyembamba, na kazi yake ni kubadili umbo: ukitazama mlima inakuwa bapa, ukitazama tundu la sindano inajaa na kuwa nene. Kadiri miaka inavyokwenda lenzi hukakamaa, kama mpira wa manati ulioachwa juani. Tukifika miaka 40 na kitu tunaanza kulisogeza gazeti mbali na uso. Tukifika 60, uwezo ule wa kubadili umbo umekwisha karibu wote. Hapo ndipo mama anamwita mjukuu amtungie uzi. Anachambua mchele na vijiwe vinampita. Meseji ya pesa zilizoingia kwenye simu anampa mtu mwingine amsomee, na siri ya salio lake si siri tena.

Hali hiyo humpata kila binadamu anayeishi vya kutosha. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba miongoni mwa watu wa miaka 40 na kuendelea, zaidi ya sita katika kila kumi walikuwa nayo, na walio wengi sana kati yao hawakuwa na miwani ya kusomea.

Sasa leza yenyewe. Mwaka 1981, katika maabara ya kampuni ya IBM huko Yorktown Heights, Marekani, mwanasayansi mzaliwa wa India, Rangaswamy Srinivasan, pamoja na wenzake James Wynne na Samuel Blum, walikuwa na leza ya mwanga usioonekana kwa macho. Srinivasan alileta mabaki ya bata mzinga wa sikukuu kutoka nyumbani, wakaielekeza leza kwenye nyama ile. Ilichonga bila kuunguza. Pembeni mwa mfereji uliochongwa, nyama haikubadilika rangi wala haikuiva. Miaka miwili baadaye daktari wa macho wa New York, Stephen Trokel, alishirikiana na Srinivasan kuonyesha kwamba konea nayo ingeweza kuchongwa vivyo hivyo. Mwaka 1989, katika kisiwa cha Krete, Ugiriki, Ioannis Pallikaris akafanya kwa mara ya kwanza kwenye jicho la mtu upasuaji ambao leo dunia nzima inauita LASIK. Mgonjwa anatiwa matone ya ganzi, kifuniko chembamba cha konea kinakatwa na kufunuliwa kikiwa bado kimeshikamana upande mmoja, leza inachonga chini yake kwa sekunde chache, kifuniko kinarudishwa, hakishonwi. Kwa kijana wa miaka 25 asiyeona mbali, matokeo yake ni ya kufurahisha kweli, na sitaki mtu aseme nimeikashifu leza.

Lakini tumeona inachonga nini. Inachonga konea. Lenzi iliyokakamaa inabaki ilivyo.

Hapa naomba tukae, maana ndipo watu wazima wanapoumia, na wanaumia kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Chukua mtu wa miaka 54 asiyeona mbali, mwenye miwani ya mainasi 3. Barabarani bila miwani hamtambui jirani yake. Lakini akitaka kusoma Msahafu au Biblia, akitaka kuona tarehe ya mwisho kwenye kopo la dawa, anafanyaje? Anavua miwani. Jicho la mainasi 3 bila miwani linaona vizuri kitu kilicho kwenye umbali wa sentimita 33 hivi, na huo ndio umbali wa kitabu. Mtu huyu amekuwa akisoma kwa macho yake mwenyewe miaka yote, wakati wenzake wasiovaa miwani walianza kuhangaika tangu miaka 45. Hajui kwamba ana neema hiyo, kwa sababu hajawahi kuikosa.

Akifanyiwa leza macho yote mawili ili aone mbali, anatoka na kuona mbali. Anafurahi. Anasoma kibao cha basi kutoka upande wa pili wa barabara. Jioni anafungua simu, herufi zote ukungu. Sasa hana miwani ya kuvua. Lazima anunue miwani ya kusomea na kuivaa asubuhi mpaka usiku, kila anapokula samaki mwenye miiba, kila anapokata kucha, kila anapotafuta jina kwenye simu. Daktari hakukosea hesabu, mashine haikuharibika. Alichoahidiwa kuhusu mbali amekipata. Ila kazi zake nyingi za siku, katika umri ule, ziko karibu. Kwa fundi cherehani, mwandishi, mhasibu, mama wa ushonaji wa kofia, hilo ni pigo la kipato. Kwa dereva wa lori huenda likawa nafuu kubwa. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza bei, kaa na nafsi yako uihesabu siku yako nzima: macho yako yanatazama wapi muda mrefu zaidi?

Iko njia ya kati, na madaktari wengi huipendekeza kwa watu wa umri wetu. Jicho moja linachongwa lione mbali, la pili linaachwa na mainasi kidogo ili lisome. Ubongo unajifunza kuchagua picha. Wako wanaoizoea ndani ya wiki chache na wasirudi nyuma. Wako ambao hawaizoei kabisa: ngazi zinawasumbua, kumimina chai kikombeni kunawasumbua, kuendesha gari usiku kunakuwa kazi. Jambo jema ni kwamba njia hii hujaribiwa kabla ya kukatwa chochote. Mtu anavaa lenzi za kuvaa machoni kwa muda, moja ya mbali na moja ya karibu, anaishi nazo, anapanda daladala nazo, ndipo anaamua. Kliniki inayokuharakisha kupita hatua hiyo, mimi ningeondoka.

Liko jambo la pili ambalo nimeona likisherehekewa majumbani wakati linapaswa kupelekwa hospitali. Mzee wa miaka 65 amekuwa akitumia miwani ya kusomea miaka mingi. Siku moja anaiweka chini, anasoma gazeti bila kitu. Familia inashangilia: babu macho yamerudi ujana! Ukweli ni kwamba mara nyingi hiyo ni dalili ya mtoto wa jicho unaoanzia katikati ya lenzi. Lenzi inazidi kuwa nzito, inaupinda mwanga zaidi, jicho linaelekea kwenye mainasi, na kwa muda mfupi kusoma kunakuwa rahisi huku kuona mbali kukififia. Baadaye ukungu unafunika vyote viwili. Mzee huyo akienda kuchongwa konea kwa ajili ya hiyo mainasi mpya, atakuwa amelipia nambari ambayo baada ya mwaka au miwili itakuwa imehama tena. Ndiyo maana nambari inayobadilikabadilika kwa mtu mzima ni ishara ya kusimama na kutafuta chanzo. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huichezesha nambari hivyohivyo, sukari ikipanda na kushuka.

Na lipo la tatu, ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Glakoma, ambayo wengi wetu tunaiita presha ya macho. Ugonjwa huu unaua taratibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mara nyingi hauumi. Unakula pembeni kwanza, katikati mtu anaendelea kuona vizuri, na kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Watu wenye asili ya Afrika hupatwa nao zaidi na mapema zaidi kuliko wengi, na aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huo yuko kwenye hatari kubwa. Leza ya konea inaingilia hapa kwa namna tatu. Wakati wa kukata kifuniko, kifaa kinachoshikilia jicho hupandisha presha yake kwa ghafla. Matone ya steroidi yanayotolewa baada ya upasuaji yanaweza kuipandisha kwa baadhi ya watu. Na la tatu linadumu maisha yote: konea ikishachongwa imekuwa nyembamba, na kipimo cha presha kinachogusa konea kitasoma nambari ya chini kuliko ilivyo kweli. Miaka kumi baadaye, daktari mwingine katika mji mwingine anapima, anaona nambari nzuri, anakuambia nenda nyumbani uko salama. Wewe umesahau kumtajia leza ya zamani. Yeye hakuuliza. Ugonjwa unaendelea.

Sisemi mwenye leza ndiye atakayepata glakoma. Nasema ikimpata, inaweza kujificha nyuma ya nambari. Kwa watu wetu, hiyo si hatari ya vitabuni tu.

Ukavu wa macho nitaupitia haraka. Konea imejaa mishipa midogo ya fahamu inayoliambia jicho litoe machozi, na kukata kifuniko kunaikata baadhi yake. Kwa wengi inaota tena baada ya miezi. Lakini macho yetu hupungukiwa machozi kwa umri, na akina mama waliokoma hedhi hupata zaidi, achilia mbali vumbi na moshi wa jikoni. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilifuatilia waliofanyiwa LASIK, na ikaeleza kwamba miongoni mwa wale ambao hawakuwa na ukavu kabla, hadi asilimia 30 walikuwa nao miezi mitatu baadaye. Zaidi ya asilimia 95 waliridhika na uoni wao, nalo lisemwe. Ila wengi wa waliofuatiliwa walikuwa vijana, hivyo bibi wa miaka 62 asiuchukue ule wastani kuwa ni wake.

Basi mtu wa miaka 58 afanye nini, kama kweli hataki miwani?

Jibu langu ni hili: aitazame lenzi. Wapo wanaobadilishiwa lenzi ya asili hata kabla haijapata ukungu, na kuwekewa ya bandia yenye nguvu iliyopimwa. Na ambaye mtoto wa jicho umeshaanza, upasuaji anaouhitaji ni huohuo. Asili yake ni hadithi ya vita. Daktari Mwingereza, Harold Ridley, aliwatibu marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki vya vioo vya ndege zao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaona kwamba plastiki ile ilikaa ndani ya jicho bila jicho kuikataa. Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, akaweka lenzi ya kwanza ya bandia ya aina hiyo ndani ya jicho la mtu. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi. Leo ni miongoni mwa upasuaji unaofanywa kwa wingi zaidi duniani, na kwetu unafanyika kila wiki: KCMC pale Moshi, CCBRT Dar es Salaam, Kikuyu nchini Kenya, Mengo mjini Kampala.

Kinachosahaulika ni kwamba siku ya kuondolewa mtoto wa jicho ndiyo siku ya kuchagua utaonaje maisha yaliyobaki. Lenzi ya bandia inapimwa kabla. Mtu anaweza kuomba apangiwe mbali akatumia miwani ya kusomea. Anaweza kuomba apangiwe karibu, kama alivyozoea mwenye mainasi, akavaa miwani akitoka nje. Ziko pia lenzi zenye masafa zaidi ya moja, ghali zaidi, ambazo huwapa baadhi ya watu duara za mwanga kuzunguka taa za usiku na kupunguza ukali wa picha kwenye mwanga hafifu. Mwambie daktari kazi yako kabla hajapima. Wazee wetu wengi hupelekwa na kurudishwa bila kuulizwa neno hata moja kuhusu kazi zao, nao kwa heshima hunyamaza.

Na India je? India imejipatia sifa yake katika macho. Mwaka 1976 Daktari Govindappa Venkataswamy, akiwa ameshastaafu serikalini akiwa na miaka 58, alifungua mjini Madurai hospitali ndogo iliyokuja kuwa Aravind, na mwaka 1992 kiwanda chao, Aurolab, kikaanza kutengeneza lenzi za bandia kwa bei ambayo nchi maskini zinaimudu. Kwa hiyo anayekwenda huko hakosi ujuzi. Anachokosa ni wa kumfuatilia. Jicho linaangaliwa kesho yake, wiki ijayo, mwezi ujao. Kama kuna tatizo, anayekujua yuko ng'ambo ya bahari, na daktari wa hapa hana vipimo vyako vya kabla. Mwenye kwenda apange kukaa, na apange nani atampokea akirudi.

Ama miwani yenyewe, sioni kwa nini tuionee haya. Huko Assam, India, wachuma chai wa miaka 40 na kuendelea walipewa miwani ya kawaida ya kusomea katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, na mavuno yao yakapanda kwa asilimia karibu 22 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa. Bangladesh, utafiti mwingine uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kipato cha waliopewa miwani kikipanda kwa theluthi moja. Leza haijafanya hivyo kwa mtu wa umri wetu, na bima nyingi huiweka katika kundi la urembo, kwa hiyo kila shilingi inatoka mfukoni mwako.

Hukumu yangu basi naitoa wazi. Mwenye miaka 40 na kidogo, konea nzima, nambari imetulia, kazi yake ya mbali, na anaelewa kwamba miwani ya kusomea itakuja, leza ni haki yake. Aliyepita 55 asianzie kwenye leza. Aanze na uchunguzi kamili: presha ya macho, mshipa wa fahamu, sukari, lenzi, nyuma ya jicho kwa dawa ya kupanua mboni. Na aliyekwisha kuchongwa konea, au anayekwenda kuchongwa, aombe karatasi ya vipimo vyake vya kabla na baada. Aiweke pamoja na hati ya nyumba na cheti cha ndoa. Siku mtoto wa jicho utakapokuja, hesabu ya lenzi ya bandia kwenye konea iliyochongwa ni ngumu, na nambari zile za zamani zitamsaidia daktari asikosee.

Nanyi watoto mlioko Maskati, London na Minneapolis, mnaotuma fedha ili mama akafanyiwe leza kwa sababu mmeona miwani yake ni nzito, nawaomba. Tumeni kwanza nauli na ada ya daktari bingwa wa macho, na mumpigie simu jioni ya siku hiyo mumuulize presha ya macho ilisoma ngapi. Mkishajua nambari hiyo, ndipo mzungumze naye kuhusu leza.